Chetezo cha Mzee Khaw

Teksi ilipovuka reli mvua ilikuwa imeshakolea, na Siew Imm akatambua kwamba hajui anakopelekwa. Nyumba ya wazee aliyoijua ilikuwa karibu na soko la mji wa Taiping, yenye geti la buluu. Dereva alikuwa anaelekea upande mwingine kabisa, kwenye safu za nyumba zinazofanana, kila moja na mabati yake yanayovuja mbele.

"Walihama siku nyingi, dada," dereva alisema. "Kodi ilipanda. Una mgonjwa wako pale?"

"Baba yangu."

"Anaendeleaje?"

"Alifariki jana."

Dereva akazima redio. Walipofika, akampunguzia nauli.

Mama Loh, mwenye kuiendesha nyumba hiyo ya wazee, alimpokea mlangoni akiwa amekunja mikono ya blauzi, vidole vyake vimechubuka kwa dawa ya kusafishia. "Pole, mwanangu. Umekula?" Hakungoja jibu. Alimkalisha mezani kati ya vikongwe wawili waliosinzia, akamwekea bakuli la uji wa wali na nusu ya yai la chumvi. Siew Imm alikuja kuchukua nguo za baba yake tu. Maiti ilikuwa tayari imepelekwa kwenye ukumbi wa misiba nyuma ya hekalu. Hilo kaka yake alilipanga kwa simu kutoka Johor, kusini mwa Malaysia. Lakini uji wa msiba haukataliwi, basi akala.

"Alikuwa analala wapi?" akauliza.

Mama Loh alimtazama kidogo, kisha akamwongoza. Walipita chumba cha mbele chenye feni, wakapita jikoni, wakatokea baraza la nyuma lenye mashine ya kufulia. Kando ya mashine palikuwa na kitanda cha chuma, godoro limeshasimamishwa ukutani lipate hewa. Shuka za watu wengine zilining'inia juu yake.

"Hapa?"

"Zamani alikuwa kule mbele, yeye na mwenzake. Nikamleta huku fedha ziliposita. Kitanda cha mbele nilimpa anayelipa." Alisema bila kuinamisha macho. "Sikumtupa, mwanangu. Wangapi wanatupwa? Wanashushwa mlango wa dharura wa hospitali, gari hilo linaondoka. Mimi nilimgeuza mchana na usiku. Mtazame mgongo kabla hawajafunga jeneza. Hutaona kidonda."

"Fedha zilisita lini?"

"Kwani hujui?"

Hakujua. Mama Loh akaleta jalada, naye Siew Imm akasoma jumla akiwa amesimama palepale kwenye baraza: ringgit elfu kumi na nane na ushei. Yeye hutengeneza popia sokoni Klang. Husugua donge la unga kwenye bamba la moto tangu alfajiri, linaacha ngozi nyembamba kama karatasi, anajaza mboga, anakunja, anauza. Kibanda chenyewe, pamoja na bamba na mitungi ya gesi, kikiuzwa hakifikishi nusu ya deni lile. Na chini ya ahadi ya kulipa palikuwa na neno mdhamini, na mbele yake jina lake mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Aliikumbuka siku ile vizuri. Baba alikuwa amepooza upande mmoja, mdomo umekwenda kombo. Chee Hoe, kaka yake, mtoto wa kwanza, alikuwa ameshika kalamu halafu akairudisha mezani. "Weka saini wewe, Imm. Mimi nitalipa, usijali. Ila mimi ni mwana mkubwa, na ni mweka hazina wa chama cha ukoo. Karatasi ya kumtupa baba nyumba ya wazee ikionekana ina jina langu, nitaficha wapi uso?" Naye akaona ni sawa. Binti aliyeolewa, kwao, ni maji yaliyokwisha kumwagwa. Hata ndoa ikivunjika, kama yake, hakuna anayeyazoa. Jina lake halikuwa na heshima ya kuharibika. Akasaini. Namba ya simu ikaandikwa ya duka la matairi la kaka, kwa kuwa mlipaji ndiye yeye.

"Nilipiga namba hiyo mpaka nikachoka," Mama Loh alisema. "Mwanzo alikuwa anasema wiki ijayo. Baadaye wakawa wanapokea wafanyakazi, bosi katoka. Namba yako niliipata juzi, baba yako alipozidiwa. Ilikuwa imeandikwa nyuma ya picha yako, kwenye mfuko wa shati."

"Mama, mimi sikukopa fedha hizi."

"Na mimi sikukopesha. Nililisha. Nepi nilinunua kwa fedha taslimu, mwenye duka hajui habari ya kaka yako. Huyu wa chumba cha mbele mwanawe naye ameanza kuniambia wiki ijayo. Nisipolipwa na wewe wala yeye, nitafunga, na hawa tisa utanisaidia kuwapeleka wapi?"

Siew Imm alikunja mashati manne na kofia ya sufu, akaomba mfuko wa plastiki.

Ukumbi wa misiba ulikuwa wazi pande tatu. Jeneza katikati, picha ya baba, Mzee Khaw, mbele yake, na mbele ya picha chetezo cha shaba kilichojaa majivu na vijiti vya udi. Wana ukoo wawili walikuwa wamekuja kutoka Johor na bendera ya kitambaa cheupe yenye jina la chama. Chee Hoe alikuwa amevaa vazi la gunia la matanga, macho yamemvimba. Alikuwa amelia kweli. Hilo hata dada yake hakulitilia shaka. Siew Imm akamvuta nyuma, penye masufuria.

"Nimetoka kwa Mama Loh."

"Kumbe ndiyo maana umechelewa."

"Kaka, kwa nini?"

Chee Hoe akajipangusa uso kwa mkono wa gunia. "Daktari aliniambia nusu mwaka, Imm. Nikatenga fedha za nusu mwaka, na kidogo za tahadhari. Baba akaendelea tu. Na duka likayumba."

"Kwa hiyo kosa la baba ni kuchelewa kufa?"

"Usinipindulie maneno."

"Ungeniambia. Ningemchukua, ningemlaza chini ya meza ya popia."

"Ningekuambia nini? Kwamba mweka hazina hana hazina? Mwaka uleule walinisomea jina kwa mchango wa paa la hekalu."

"Ulikuwa na fedha za paa."

Chee Hoe akasema polepole, kama mtu anayelijaribu neno kwanza: "Saini ni yako, Imm. Si mimi niliyeamua, ndivyo sheria ilivyo."

Asubuhi ya kuondoka na jeneza, Mama Loh alifika akiwa na bahasha nyeupe ya rambirambi. Aliitumbukiza kwenye sanduku la michango kama wengine, akainama mara tatu mbele ya picha, akakaa kiti cha nyuma kabisa.

"Ona maajabu," shangazi yao alisema kwa sauti ya kusikika. Alikuwa dada wa marehemu, meno hana, ulimi anao, na yale ya penye masufuria alikuwa ameyasikia. "Anayedai anachanga, wanaodaiwa wanakula karanga."

Kuhani akapiga njuga, akaita: "Mwana mkubwa ashike chetezo!"

Siew Imm alikuwa nyuma, mahali pa mabinti. Akapita katikati ya watu na kufika mbele kabla ya kaka yake, akakifunika chetezo kwa viganja vyake. Kilikuwa cha moto.

"Dada, siyo wewe," kuhani alisema kwa upole, akidhani amechanganyikiwa na huzuni.

"Unafanya nini?" Chee Hoe alinong'ona. "Unanivua nguo mbele za watu."

"Sema deni la baba ni lako, nikuachie. Neno moja tu. Wasikie."

"Deni gani?" mmoja wa wazee wa ukoo akauliza.

Mvua iligonga mabati. Chee Hoe alifungua mdomo. Akaitazama bendera ya chama, akamtazama yule mzee, akamtazama Mama Loh pale nyuma, ambaye alikuwa ameinuka nusu. Siew Imm alimngoja. Alimwombea, hata, viganja vinaungua, anamwombea kaka yake aseme. Chee Hoe akafumba mdomo, akainama, akaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

"Anayeshika chetezo ndiye mrithi," shangazi alimwambia Siew Imm, safari hii bila mzaha. "Cha baba ni chako, anachodaiwa ni chako. Huwezi kukitua njiani, mwanangu. Unasikia?"

"Nasikia, shangazi."

Akakinyanyua. Kuhani aliangalia huku na huku, hakuna aliyempa neno, basi akapiga njuga tena. Wabebaji wakaliinua jeneza hadi kwenye gari. Alipofika usawa wa kiti cha Mama Loh, Siew Imm alisimama kidogo.

"Mama, kibanda nitakiuza mwezi huu. Kinachobaki utakuwa unakipata kidogokidogo. Itachukua miaka."

"Utakula nini?" Mama Loh aliuliza, lakini hakusema usiuze.

Gari lilianza kutambaa kwenye maji, naye akalifuata kwa miguu, kichwa wazi, kifua amekiinamisha juu ya chetezo udi usizimike. Chee Hoe alitembea nyuma kwenye safu ya mabinti na wakwe, kwa kuwa mbele hapakuwa na nafasi yake. Walifika kwenye kona ya duka la mbao wakapotea machoni.

Ukumbini vijana walikuwa wameshaanza kukunja viti. Familia nyingine ya wafiwa ilikuwa inangoja zamu yake kwenye gari dogo ng'ambo ya barabara, taa zimewashwa. Mama Loh akafungua mwavuli kama anayetaka kuwafuata, akaufunga, akakaa tena.