Samaki Waliooshwa Wakiwa Hai

Magreti alikuwa na ufunguo mmoja tu duniani, na aliuvaa shingoni kwa uzi wa katani. Ulikuwa wa chumba cha uani, nyuma ya nyumba iliyowahi kuwa klabu ya Wazungu katika shamba moja la mkonge nje kidogo ya Kilosa. Mtu ambaye siku zote amelala kwake hawezi kuelewa raha ya jambo hili. Magreti alifiwa na mume kabla hawajapata mtoto, akarudi Mamboya milimani kwa kaka yake, na huko wifi yake akawa anampakulia chakula huku akiguna. Hakumnyima, la, aliguna tu. Mguno huo ndio uliomteremsha bondeni kutafuta kazi ya udobi.

Na udobi aliuweza. Shule ya misheni ilimfundisha kusoma, kuimba na kusugua, na katika hayo matatu alilolishika hasa ni la mwisho. Ungempa sufuria iliyoungua akakurudishia kioo cha kujitazamia. Ukimpita akisugua, ungedhani ana ugomvi na kitu kile.

Mwaka wa Azimio la Arusha shamba likawa la taifa, na Wazungu wakafungasha. Wa mwisho kuondoka alikuwa Bwana Kosta, Mgiriki aliyekuwa mtunza stoo, kapera aliyezeeka na soksi zenye matundu. Yeye ndiye aliyekuwa na tangi la samaki pale ukumbini: sanduku la vioo lenye kingo za chuma, mchanga na mawe chini, majani ya majini, na samaki wadogo wekundu wenye mikia mirefu ya madaha. Kioo cha nyuma kilikuwa kimeota ukijani, na maji yalikuwa na rangi ya chai iliyokosa majani. Asubuhi ya kuondoka alimwita Magreti, akampa kopo la chakula cha samaki, akaweka kiganja juu ya kioo na kumwambia kwa Kiswahili chake cha shambani:

"Wewe hapana osha hii. Hii maji mzee. Maji mzee ndiyo mzuri."

"Ndiyo, bwana," alijibu Magreti, kisha akaenda jikoni kumcheka.

"Ati maji mzee!" alimwambia Mwinshehe, mpishi. "Uvivu wake wa kufagia leo umegeuka hekima."

Mwinshehe alikuwa mtu wa Malolo, mnene, mwenye maneno. Yeye na Magreti, Mkaguru wa milimani, waliitana watani, na walitaniana kwelikweli, maana mtani ana ruhusa ya kukuambia usoni lile ambalo ndugu yako atalisema ukishaondoka.

Wiki hiyohiyo Ndugu Yeremia, meneja mpya, aliwakusanya wafanyakazi ukumbini. Hakuwa mtu wa hotuba ndefu. Alisema klabu sasa ni nyumba ya wageni, na kila kilichomo, kuanzia meza ya biliadi mpaka samaki, ni mali ya umma. Magreti atakuwa mtunzaji, na chumba cha uani ni cha mtunzaji.

"Lakini mali ya umma ikiharibika mikononi mwa mtu," alimalizia, "mtu huyo hatuna kazi naye."

Akamkabidhi ufunguo. Magreti akaenda chumbani kwake, akajifungia, akafungua, akajifungia tena, akaketi kitandani na kucheka peke yake.

Kesho yake aliamua kuistahili kazi. Alianza na tangi. Aliwahamishia samaki kwenye karai la maji ya bomba, akamwaga yale maji ya chai uani, akasugua vioo kwa sabuni ya mche mpaka vikalia. Mchanga aliuchekecha na kuuosha hadi ukawa mweupe, mawe akayachemsha, na majani akayafuta moja moja kwa kitambaa, kama mtu anayemwogesha mtoto kwa ajili ya ubatizo. Kisha akajaza maji mapya na kuwarudisha samaki. Hakuna aliyepita ukumbini asisimame kutazama. Hata Ndugu Yeremia alipita, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Magreti alivimba kwa fahari, na hakuona haya kuvimba.

Haikupita muda samaki wakaanza kupanda juu ya maji, midomo wazi, wakitafuta pumzi kama watu waliofungiwa ndani ya nyumba yenye moshi. Magreti akadhani ni njaa, akawaongezea chakula. Maji yakafanya ukungu. Akaona ni uchafu, akayamwaga tena, akasugua tena. Kadiri alivyosafisha ndivyo walivyokufa, mpaka asubuhi moja hapakuwa na mwekundu hata mmoja aliyekuwa akisogea.

Mwinshehe alipopata habari alijifunika aproni kichwani, akaingia ukumbini akilia kwa sauti.

"Uuuwi! Jamani mmeondoka bila kuaga! Nani atanilipa ada ya msiba mimi mtani wa marehemu?"

"Mwinshehe, niache."

"Nikuache vipi na msiba ni wetu sote? Hebu niambie, mtani. Sisi kwetu maiti huoshwa akishakufa. Ninyi Wakaguru mnamwosha angali hai! Samaki kaona keshaoshwa, kajisemea, kumbe nimekufa mwenzenu. Naye akafa."

Magreti alicheka, maana hakuweza kujizuia, na kicheko kikageuka kilio katikati ya njia. Alilia kwa hofu, si kwa huruma ya samaki. Samaki wa mapambo hakuwahi kuwahesabu kuwa watu wake. Alikililia chumba. Mwinshehe akavua aproni kichwani, akakaa chini karibu naye, akanyamaza, jambo ambalo lilikuwa nadra kwake.

Siku mbili baadaye mpishi huyo alikwenda mto Mkondoa na mgono wake wa kutegea samaki, akarudi na ndoo ya perege wadogo, weusiweusi, wasio na madaha yoyote. Magreti aliliosha tangi kwanza, kama kawaida yake, ndipo akawatia. Hao nao wakapanda juu na midomo wazi, wakafa. Safari hii Mwinshehe hakuja na kilio. Hata utani una mpaka, na ukiona mtani wako amekunyamazia ujue mambo ni mabaya.

Hapo ndipo ikaja habari kwamba kuna wageni wanatoka Morogoro kulitazama shamba, na watalala nyumba ya wageni.

Jumamosi iliyofuata Magreti alikuwa uani akipepeta mahindi. Kila Jumamosi alikoroga togwa, na chungu chake kilikaa kivulini, kikiwa na ukoko wa togwa ya wiki iliyopita. Mwinshehe alikuwa akiosha vyombo vya jikoni. Kwa kumwonea huruma mwenzake akaona amsaidie, akakivuta kile chungu karibu na ndoo ya maji ya sabuni.

"Acha!" Magreti alipiga ukelele uliomfanya mpishi aangushe kipande cha sabuni. "Usikioshe hicho! Utaniulia togwa!"

"Togwa gani? Chungu kitupu hiki."

"Si kitupu! Ikikaribia kuisha nabakiza ya zamani kidogo, ndiyo inayoiamsha mpya. Ukikisugua kwa sabuni, togwa haitachacha, itaoza. Hata mtoto mdogo anajua..."

Akaishia hapo. Alisimama na ungo mkononi, akitazama mlango wa ukumbi. Mwinshehe naye akageuza kichwa kutazama kulekule, akidhani kuna mtu anaingia.

"Maji mzee," alisema Magreti polepole. "Mungu wangu. Yule Mgiriki alikuwa na chungu cha togwa pale ndani, nami nimekiosha kwa sabuni."

Alikwenda Mkondoa mwenyewe. Alichagua mahali ambapo mto umetulia, akatoa mawe yenye ute wa kijani, yale ambayo siku nyingine yangemkera, akayabeba mabichi vilevile bila kuyasuuza. Alichota na mchanga, na magugu ya majini, na ndoo za maji ya palepale, akavitia vyote tangini. Mkono ulimwasha kutaka kusugua; alijishikilia. Aliyaacha maji yakae. Baadaye akamtia perege mmoja, akampa chakula cha kuonjea tu. Perege akakaa chini akiyachokonoa mawe, hana habari. Akamwongezea mwenzake, kisha wengine. Maji yakaanza kupata ile rangi ya chai.

Kuhusu Ndugu Yeremia, Mwinshehe alikuwa na shauri. "Akiuliza wekundu wako wapi, mwambie ni walewale, ila sasa wamejivua ukoloni."

Meneja alikuja kukagua jioni moja kabla ya wageni kufika. Alipapasa mashuka, akatazama chini ya vitanda, halafu akasimama mbele ya tangi, akainama.

"Hawa walikuwa wekundu."

Shauri la Mwinshehe lilimfika Magreti mpaka ncha ya ulimi, likakwama hapo. Alivua ufunguo shingoni, akauweka juu ya meza ya biliadi.

"Wekundu niliwaua, Ndugu Meneja. Niliwaosha kwa sabuni. Hawa ni wa Mkondoa."

Ndugu Yeremia aligonga kioo kwa kidole. Perege mmoja alikuja akagusisha pua yake kwenye kioo.

"Na hawa umewaosha?"

"Sijawaosha."

"Utawaosha?"

"Sithubutu."

Akauchukua ufunguo, akaupima kiganjani, akaurudisha mkononi mwa Magreti. "Kesho wageni wakiuliza, utawajibu wewe," alisema. "Mimi samaki nawajua wa kula tu." Akatoka.

Magreti alikitunza chumba kile na tangi lile mpaka wakati wa vijiji, alipopata kiwanja chake katika kijiji cha ujamaa na kujijengea nyumba ya udongo yenye mlango wa mbao. Aliyekuja kumpokea kazi pale nyumba ya wageni alikuwa binti aitwaye Siwema, nadhifu mno, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi. Aliingia na ndoo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Siwema alitazama kioo cha nyuma chenye ukijani, akatazama yale maji, na Magreti akamwona akibana pua kidogo, kwa adabu. Ndani ya ndoo kulikuwa na sabuni ya mche. Magreti aliijua ile sura. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Kwenu mnakoroga togwa?" alimwuliza.

"Sana, mama."

"Chungu chake mnakiosha kwa sabuni?"

Siwema akacheka. "Mama yangu angenifukuza nyumbani!"

"Basi hiki ni chungu cha togwa."

Binti akainama akitazama samaki. Kisha akaisogeza ndoo na mguu mpaka nje ya mlango. Hapo ndipo Magreti alipovua ufunguo shingoni na kumvika.