Benchi la Fundi wa Laptop

Laptop yangu iliuawa na hodi ambayo haikuwa yangu. Nilikuwa nimekaa sebuleni mchana, msimu wa korosho umepamba moto, glasi ya juisi ya mabibo iko mezani, mara nikasikia mtu anapiga hodi. Niliruka kama mtoto aliyesikia baba karudi safari. Kiwiko kikagonga glasi, juisi yote ikamwagikia kwenye vitufe, na mimi wala sikugeuka, nilikimbilia mlango kwanza. Nje hapakuwa na mtu. Mgeni alikuwa amesimama kwa jirani, kashika kuku, wanachekeana. Nikafunga mlango, ndipo nikarudi kuona maafa yangu.

Mume wangu alifanya kazi bandarini na mimi nilifundisha sekondari, wote wawili watu wa Kyela tulioletwa Mtwara na ajira. Akafariki. Mtoto wetu wa pekee akapata kazi Mwanza, huko mbali kabisa. Nilipostaafu watu waliniuliza nasubiri nini huku kusini, si nirudi kwetu. Kwetu kwa nani? Wazazi wamekwisha, na kaburi la mume wangu liko hapa. Nikabaki na nyumba yangu njia ya kwenda Naliendele, na ile laptop aliyoninunulia mwanangu ili niwaone wajukuu wakikua.

Mwanangu akaniambia kwenye simu, "Mama, ifukie kwenye mchele." Nikaifukia. Mchele ukanuka mabibo, laptop ikabaki vilevile. Utomvu wa bibo ukidondokea nguo nyeupe, nguo hiyo ndiyo basi tena, sembuse mtambo. Nikaifunga kwenye kanga, nikapanda bajaji mpaka kwa fundi, karibu na soko.

Fundi mwenyewe ni mtu wa Kitaya, kule mtoni Ruvuma, mpole mpaka anakera. Aliifungua kwa nyuma, akainusa.

"Mwalimu, hii imekunywa."

"Ni juisi tu hiyo, usiitangaze kama pombe."

"Sawa, mwalimu. Iache hapa. Njoo kesho."

Sasa mimi na njoo kesho tulikuwa maadui wa siku nyingi. Maisha yangu yote nimegombana na mafundi cherehani, na mafundi seremala, na yule aliyekaa na kitanda chetu cha harusi mpaka tukaanza maisha kwenye mkeka. Kesho yake nikaenda nimevaa sura ya mwalimu wa zamu, maneno yote nimeshayapanga. Nikakuta umeme umekatika, fundi amekaa tu.

Mbele ya kibanda chake, chini ya bati, kuna benchi refu. Wanaosubiri vitu vyao hukaa hapo, na wasiosubiri kitu pia. Pembeni yake kuna mama mmoja anayekaanga mihogo. Aliniona nimesimama juani, akawageukia vijana wa bodaboda. "Npisheni mwalimu akae, nyie!" akasema kwa Kiswahili chake cha Kimakonde. Wakanipisha. Akaniletea muhogo kwenye kipande cha gazeti, chachandu juu. Kijana mmoja aliyeleta sabufa yake alikuwa anabishana na wenzake kuhusu mpira, akanitaka niamue. Mimi sijui mpira. Niliamua hivyo hivyo, kwa sauti ya darasani, wakacheka mpaka fundi naye akatabasamu. Nilirudi nyumbani jua limepoa, na yale maneno yangu yote sikuyatumia.

Nikawa naenda. Siku nyingine umeme hakuna. Siku nyingine dawa ya kusafishia imekwisha, inasubiriwa kutoka Dar. Siku nyingine fundi mwenyewe kaenda kwao Kitaya kuzika. Njoo kesho, mwalimu. Naam, mwanangu, nitakuja. Nilianza kuoga mapema na kuvaa vitenge vyangu vya kutokea, vile vilivyokuwa vinakaa kabatini kusubiri harusi za watu. Adhana ya alasiri ikilia, fundi alisema, "Mwalimu, niangalizie duka," akaenda msikitini. Mimi Mmoravian nikabaki nyuma ya meza yake katikati ya redio zilizofumuliwa matumbo. Akija mteja mwenye haraka zake namwangalia juu mpaka chini, namwambia, "Fundi ana kazi nyingi. Njoo kesho." Jamani, lilivyo tamu neno lile ukiwa wewe ndiye unayelisema!

Halafu fundi akaniharibia. Siku hiyo alinivuta pembeni, akaniambia ameshaikagua yote, na juisi imekula ule ubao wake mkuu. Kuna njia mbili. Tubadilishe ubao, na gharama yake inakaribia laptop nyingine ya mtumba. Au tuiache, niibebe hivyo ilivyo. "Uamue wewe, mwalimu."

Gharama haikunitisha. Pensheni yangu ingeweza. Nikisema tengeneza, itapona, nitaibeba, nitakwenda zangu. Nikisema acha, nitaibeba, nitakwenda zangu. Jibu lolote nitakalotoa linaniondoa kwenye benchi. Nikamwambia lazima nifikirie.

Nilifikiria kwa muda mrefu wa aibu. Kila nikifika fundi ananitazama, nami nasema, "Bado, mwanangu, ni jambo kubwa." Nilimwomba anieleze upya tofauti ya ubao mpya na wa mtumba, akanieleza, nikauliza tena. Mama wa mihogo hakuniacha. "Mwalimu, laptop gani hii inakaliwa vikao kama mahari?" Watu wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, ila moyoni nilikuwa naogopa kweli kweli. Nyumbani nilikuwa nawasha redio na televisheni pamoja, kila moja inasema lake, nikae jikoni nijidanganye kuwa sebuleni kuna watu. Nilikuwa mpweke. Nimelizunguka neno hilo tangu tulipomzika mume wangu, na sioni faida ya kulizunguka tena.

Fundi, kwa upole wake uleule, akanihurumia vibaya. Alidhani nimekwama kwa sababu ya pesa na naona haya kusema. Bila kuniambia akatafuta laptop iliyovunjika kioo, akaitoa ubao, akaupachika kwenye yangu. Nilipofika alasiri ile kila mtu kwenye benchi alikuwa ananitazama na kutabasamu. Fundi akabonyeza, kioo kikawaka, picha ya wajukuu zangu hiyo.

"Hongera, mwalimu!" Wakapiga makofi. Mama wa mihogo akapiga vigelegele. Machozi yakanitoka, nao wakazidi kushangilia, wakidhani ni ya furaha. Fundi hakutaka zaidi ya gharama ya ule ubao wa mtumba. Kijana wa sabufa akanibebea mpaka kwenye bajaji.

Jioni nikawapigia wajukuu. "Bibi, tunakuona!" wakapiga kelele, wakanionyesha jino lililong'oka, halafu wakakimbilia kucheza, nikabaki natazama ukuta wa sebule ya Mwanza mpaka mtu akapita akakata.

Kesho yake nilioga, nikavaa kitenge, nikajikuta mlangoni na mkoba. Nilijiuliza, mtu mzima unakwenda kwa fundi kufanya nini na kitu chako kinafanya kazi? Nikaenda.

Benchi lilikuwa limejaa. Baba mmoja alikaa pale nilipozoea, amepakata televisheni yake. Walinisalimia vizuri, shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu, lakini hakuna aliyesogea, kwa maana walijua napita tu.

"Imesumbua, mwalimu?" fundi akauliza.

"Hapana. Nzima."

"Alhamdulillahi." Akaningoja niseme lililonileta.

"Nataka chaja," nikasema.

Akasema aina yangu hana, mpaka aagize Dar. Kisha akaongeza, kwa heshima zote, "Ila usihangaike kuja na jua hili. Ikifika nitakupigia simu."

Aliniua. Ulimi wangu ukajibu wenyewe kabla sijafikiri. "Simu yangu mbovu, mwanangu. Haipokei. Nitakuwa napita mwenyewe."

"Mbovu?" Akasukuma pembeni redio aliyokuwa anaifungua, akanyoosha mkono. "Si ungesema! Ilete niitazame."

Nilifungua mkoba. Simu ilikuwa na chaji tele na mtandao umejaa, na mwanangu alikuwa ameahidi kunipigia jioni ileile. Nikaizima humohumo ndani ya mkoba asione, nikaitoa, nikaiweka kiganjani mwake, nikatafuta pa kukaa.