Kiwiko kwa Kiayalandi

Vestine akikasirika, usithubutu kumwambia atulie. Victorine aliwahi kumwambia hivyo, na Victorine ndiye mwenye saluni, Mkongo wa Lubumbashi mwenye mdomo usiojua kupumzika. Kichana kikaruka, kikapita mlangoni, kikaangukia barabarani, na mteja akabaki na kichwa kimesukwa nusu. Pale Kensington, Johannesburg, watu walishamzoea yule Mrundi mrefu mwenye vidole vyepesi na hasira za karibu, na walikuwa wakiambizana kwamba acha anune, rasta zake zinakaa miezi miwili.

Hasira zile hakuzaliwa nazo. Alipewa, na siku aliyopewa anaijua: ni Mei, mwaka 2008, kule Diepsloot, mtaa wa mabanda pembezoni mwa mji. Yeye na mumewe Astère walikuwa na spaza, kiduka chao cha mabati, wanauza mkate, sukari, mafuta ya taa na vocha za simu. Wakaja wanaume wenye marungu na nondo. Kitambulisho hawakuuliza. Mmoja alikunja mkono, akaonyesha kiwiko chake, akamwuliza Astère kwa Kizulu: hii ni nini? Siku zile mtihani huo ulikuwa umeshasikika kila kona. Ukilijua neno, wewe ni mwenyeji. Usipolijua, umejitaja mwenyewe kuwa mgeni, na utakiona cha moto.

Astère alikijua Kizulu cha dukani. Angeweza kukuhesabia, kukubembeleza, hata kukutania ukasahau chenji. Lakini niambie wewe, ni nani amewahi kuingia dukani akaomba auziwe kiwiko? Akajibu, "Ingalo," yaani mkono. Wakacheka. Wakamlaza mkono wa kulia juu ya kaunta ya duka lake mwenyewe, na mwenye nondo akapiga palepale alipokuwa hapajui jina.

Na Vestine alikuwepo, hatua mbili nyuma yake, na neno lile hakulijua yeye pia. Hilo ndilo linalomkata maini hadi leo. Kizulu chake kilikuwa cha kusukia watu nywele: kichwa, nywele, sikio, inamisha shingo. Kilikomea shingoni. "Indololwane" alikuja kulijua siku tatu baadaye, hospitalini, kwa mama mmoja aliyekuwa akifagia wodi. Alilirudia peke yake ukumbini mpaka watu wakamgeukia.

Mkono wa Astère ulipona vibaya. Ulibaki umekunjika kama wa mtu aliyepakata mtoto, haunyooki, haubebi kitu. Wakahamia Kensington, chumba cha uani, wao na binti yao Tania, ambaye siku ile bahati nzuri alikuwa shuleni. Astère akapata kazi ya kulinda geti la maegesho ya magari. Habari ya kiwiko hakuitaja tena. Vestine naye hakuitaja, ila yeye aliinyamazia huku amefura.

Basi mwaka 2011 ikaja simu kutoka ofisi ya wakimbizi. Majina yao yametokea kwenye orodha ya wakimbizi wanaofikiriwa kuhamishiwa nchi nyingine, na nchi yenyewe ni Ayalandi. Usaili ni baada ya miezi minne.

Victorine alipiga vigelegele hadi wapita njia wakachungulia. "Mama Tania, Mungu amekukumbuka! Ulaya, weye!"

"Huko wanasema lugha gani?" Vestine akauliza.

"Kiingereza. Si unacho?"

Mteja mmoja aliyekuwa chini ya draya akadakia kwamba wanayo na lugha yao ya zamani, Kiayalandi, ila asiwe na wasiwasi, Kiingereza kinatosha.

Kinatosha! Afadhali mama wa watu angemtukana. "Hapa nako tuliambiwa Kiingereza kinatosha," Vestine akasema, na sauti ikaanza kupanda. "Mpakani, kinatosha. Ofisini, kinatosha. Aliyekuja na nondo, mama, hakuniuliza kwa Kiingereza!"

Siku hiyo alikula kiapo. Hatakanyaga nchi yenye kiwiko asichokijua jina.

Nyuma ya kanisa alikosali Jumapili palikuwa na nyumba ya masista wazee, na mmoja wao, Sista Attracta, alikuwa mzaliwa wa Ayalandi aliyefundisha hesabu hapa Johannesburg miaka arobaini na mitano. Vestine akamwendea na mkasi wake mkobani. Wakapatana kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho walichokuwa nacho wote wawili: kila Alhamisi atamkata nywele, na sista atamfundisha maneno ya kila siku. Nywele zenyewe za bibi yule zilikuwa chache, zisingefika hata Alhamisi ya pili. Lakini alikubali haraka, akaenda kuvuta kiti mwenyewe.

"Tunaanza na salamu," Sista Attracta akasema. "Dia duit. Mungu awe nawe. Na anayejibu anaongezea: Dia is Muire duit. Mungu na Maria wawe nawe."

Vestine akaandika kwenye daftari, kwa herufi zake, kama alivyosikia. Moyoni salamu ilimpendeza. Alikuwa Mkatoliki wa Rumonge, na kwao pia salamu hairudishwi ndogo kuliko ilivyokuja. Lakini uso hakuukunjua.

"Sawa. Na kiwiko?"

"Kiwiko? Taratibu, mwanangu. Sasa tunakwenda kwenye hali ya hewa. Tá sé ag cur báistí, mvua inanyesha. Hilo utalitumia kila siku ya Mungu."

"Sista," Vestine akasema, na mkasi ukasimama hewani, "sijawahi kuona mtu akivunjwa mkono kwa ajili ya mvua. Nataka kiwiko."

Bibi akageuka kwenye kiti, kitambaa cha kunyolea shingoni, akamtazama. Alikuwa amefundisha wakaidi wa kila aina. "Uillinn," akasema.

Vestine akaandika: *ilin*. Akapiga mstari chini yake mara tatu hadi kalamu ikatoboa karatasi. Sista hakuuliza sababu, na Vestine hakueleza.

Ndivyo Alhamisi zilivyokwenda. Le do thoil, tafadhali. Go raibh maith agat, asante. Cé mhéad atá air, ni bei gani. Cá bhfuil an leithreas, choo kiko wapi. Sista alitaka wacheze duka, yeye awe muuza mkate na Vestine awe mnunuzi. Vestine alinunua mkate mmoja kwa haraka, akarudi kwenye mwili. Goti. Kisigino. Kwapa. Kope. Alitaka vyote, asibakize kitu ambacho mtu anaweza kukinyooshea kidole.

Alhamisi moja alifika, akabamiza mlango. Kwenye robot, yaani taa za barabara kuu, dereva mmoja alikuwa ameshusha kioo akamwita kwerekwere, tusi lao la kuwaita wageni, na taa ilipokuwa ya kijani akaondoka zake anacheka. Sista akamjulia hali, "Conas tá tú?" Vestine akajibu kwa Kiingereza kwamba ana hasira.

"Kwetu husemi unazo," Sista Attracta akamwambia. "Unasema hasira iko juu yako. Tá fearg orm."

"Na kwetu zinapanda."

"Basi zikishapanda ndiyo zinakaa huko juu."

"Na kushuka zinashukaje?"

"Hilo," bibi akasema, "sikuwahi kulijua kwa lugha yoyote." Akainamisha kichwa, mkasi ukaendelea.

Nyumbani Vestine alibandika vikaratasi vya maneno kwenye mlango, birika na ndoo ya maji. Tania aliyameza maneno yale kwa mchezo tu, akawa anamwamkia paka wa jirani kwa Kiayalandi. Astère ndiye aliyekuwa kazi. Kila neno aliloambiwa, alinywa chai. Ilipobaki wiki tatu, Vestine akashindwa kuvumilia. Alikuwa anaosha sufuria, akamsimamia nayo mbele ya meza, povu linadondoka.

"Baba Tania, sema: uillinn."

"Sisemi."

"Ni neno moja tu!"

"Vestine." Mara chache sana alimwita kwa jina. "Mimi sifanyi mtihani tena. Wakitaka na huu wa kushoto, waje wauvunje."

"Eboo! Basi utakufa kikondoo!" Sufuria ikatua mezani, kikombe kikaruka. "Unadhani mimi najifunza kwa raha? Mchana kutwa nimesimama, miguu imenivimba, ninakwenda kusema maneno ya watu nisiowajua kwa ajili ya huo mkono wako!"

"Mkono ni wangu," Astère akasema polepole, akachukua koti lake la kazini, akatoka. Siku mbili waliongea kwa kumpitia mtoto. Mwambie baba yako chai ipo. Mwambie mama yako nimeshiba.

Siku ya usaili walipanda basi mpaka Braamfontein, ghorofa ya nne, chumba chenye meza moja na viti vinne. Ofisa alikuwa kijana wa Kiayalandi mwenye madoadoa usoni na tai iliyokwenda upande. Kando yake alikaa mkalimani, Bakiri, Mtanzania wa Kigoma aliyekuwa akisoma chuo kikuu hapo jirani.

Vestine hakusubiri kukaa. "Dia duit," akasema.

Kijana akawa mwekundu hadi masikioni. "Dia is Muire duit," akajibu kwa kukwamakwama, kisha akacheka, akaeleza kwa Kiingereza kwamba lugha ile alifundishwa shuleni miaka kumi na mitatu, na alichobaki nacho ni salamu na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Bakiri akatafsiri. Vestine hakucheka.

Saa nzima waliulizwa. Wapi mlizaliwa, mlitoka lini, mlipita wapi. Mkono wa bwana umepatwa na nini? "Walinipiga," Astère akasema, akaishia hapo. Kijana akaandika. Alikuwa mpole, hilo Vestine alikiri baadaye, na upole wenyewe ulizidi kumchemsha. Mwishoni akafunga jalada, akauliza kama nao wana swali.

Vestine alikuwa ameandaa maswali ya maana: shule ya Tania, nyumba, kazi. Yote yakamtoka. Akaukunja mkono wake, akaunyanyua juu ya meza, akanyooshea kidole palepale. "Cad é seo?" Hii ni nini?

Kijana akatazama kiwiko. Akatazama dari. Akatabasamu, kama mwanafunzi aliyefumwa hajasoma. "Lámh?" akasema.

Mkono. Amesema mkono.

Vestine aliona kaunta ya spaza. Aliona na mkono wa yule kijana ulivyolala mezani, wa kulia, mweupe, umepumzika, hauna habari na mtu. Hapo mori ukampanda, na Kiswahili kikamtoka mfululizo mpaka Bakiri akashindwa kumfuata.

"Mwambie amefeli! Mwambie! Kazaliwa huko, kasomeshwa huko, kaulizwa kiwiko kasema mkono. Mume wangu alisema hivyohivyo, mkono, wakamvunja. Huyu anasema mkono na anatabasamu, na jioni atakwenda kula! Miezi minne mimi nakesha na madaftari, nikidhani lipo neno la kutuokoa. Neno gani! Wangempiga tu. Angekijua kiwiko, wangemwuliza kisigino. Angejua kisigino, wangemwuliza kope. Walikuja na nondo kwanza, swali wakalitafuta njiani! Tafsiri, Bakiri, usiniangalie, tafsiri!"

Bakiri akatafsiri. Alipofika kwenye nondo, kijana aliuondoa mkono wake mezani, akauweka mapajani. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Uillinn."

Wote waligeuka. Astère alikuwa ameunyanyua mkono wake mbovu, hadi pale unapoweza kufika, akaulaza juu ya meza mbele ya ofisa, kiwiko mbele, na lile kovu lake refu.

"Uillinn," akasema tena, kwa utulivu, vilevile kama angesema Sista Attracta.

Vestine alimtazama mumewe kama mtu aliyeibiwa. "Umelijua lini?"

"Miezi minne unalipigia kelele na sufuria mkononi. Ningekosaje kulijua?"

"Na ukakataa kulisema! Nikuombe, nikulilie, unakunywa chai!"

"Hukuniomba, Mama Tania. Ulinisimamia."

Vestine aliutazama ule mkono mezani, kisha akamgeukia Bakiri. Hasira zilikuwa bado ziko juu yake, zote, hakuna hata moja iliyoshuka.

"Mwambie afungue jalada lake," akasema. "Aandike hivi: neno hilo hakuna aliyemwuliza mume wangu. Amesema mwenyewe."