Niliwaambia Wanakijiji Mkubwa Amekubali, Kumbe Sikuongea na Mtu

(Mfuatiliaji wetu ametuandikia haya akiomba jina lake tulifiche. Msomeni mpaka mwisho.)

Admin, pokea salamu zangu. Jina langu lifiche kabisa, maana huku Nachingwea na Ruangwa nikikohoa tu watu wanajua ni mimi.

Nina miaka hamsini na tatu, mke mmoja, watoto wanne. Shule niliishia darasa la saba, lakini msinidharau. Mimi ndiye mkuu wa mahusiano ya serikali na jamii kwenye kampuni moja ya madini, na vijana wawili wenye digrii wananiita bosi. Nilianza kwa kuwaonyesha wapimaji njia za porini. Wakubwa wakaona kila kijiji tunachoingia nasalimiwa kwa jina, kila ugomvi naupoza kwa mdomo, wakanipa gari na cheo. Kule Mbwemkuru niliwahi kumsemesha tembo mpaka akatoka shambani kwa watu. Sawa, tembo alikuwa mbali na alishaanza kugeuka, lakini nilimsemesha.

Mdomo huo ndio ulionifikisha hapa. Kila mkutano lazima niwaambie wananchi kwamba mkubwa fulani wa wilayani ni mtu wangu, tunakula meza moja. Ukweli ni kwamba tulikutana mara moja kwenye sherehe, akaniuliza choo kiko upande gani.

Sasa kuna kijiji kimoja upande wa Mbekenyera ambako kampuni ilitaka kuweka uzio. Uzio ule ungeziba njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Tangazo likabandikwa ofisi ya kijiji, mwenye pingamizi aandike barua kabla ya mwezi kuisha. Mzee mmoja mfugaji aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, nitamwita Masanja, alikuja mkutanoni na barua tayari, kaandikiwa na binti yake aliye sekondari. Hata wakulima walimuunga mkono, kwa sababu njia ikizibwa ng'ombe watapita kwenye ufuta wao.

Kampuni ilinituma nizuie barua zisiandikwe. Nikaongea weee, watu wananitazama tu. Mama mmoja mkulima, nitamwita Bi Somoe, akasimama.

"Bosi, kila siku mkubwa ni mtu wako. Si umpigie sasa hivi tukusikie? Au mnaongea ndotoni?"

Watu wakacheka. Vijana wangu wa digrii nao wakacheka kwa kuinama. Nikatoa simu, nikasogea pembeni kidogo ili wanione vizuri, nikaiweka sikioni. Namba yake sina hata leo. Nikasema kwa sauti, "Shikamoo mheshimiwa. Niko na wananchi hapa. Njia ya ng'ombe ibaki? Isifungwe? Haya, nawaambia."

Nikarudi nikawaambia mkubwa kasema njia haiguswi, barua za nini tena. Walipiga makofi. Masanja akaikunja barua yake mara nne, akaitia mfukoni, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ofisini nikaandika kwamba jamii imeridhika na hakuna pingamizi. Nikasifiwa mbele ya watu.

Nilikusudia kurekebisha, Mungu shahidi. Nilikwenda wilayani kweli nikamwone yule mkubwa. Katibu wake akaniuliza, "Mzee, una miadi?" Nikasema napita tu. Nikaondoka. Mwezi ukaisha.

Uzio ukasimama. Ng'ombe wa Masanja wakakosa pa kupita, wakaingia kwenye ufuta wa Bi Somoe, wakaumaliza. Watu wakakamatana, mtoto wa kwanza wa Masanja akavunjwa mkono. Masanja akaenda wilayani kudai njia aliyoahidiwa, huko akaambiwa hakuna kiongozi aliyeahidi kitu. Waliopiga makofi siku ile nao hawakutaka kupingana na wilaya, basi akarudi kijijini anaitwa mwongo, mtu wa kuja anayetumia jina la serikali kulisha ng'ombe kwenye mashamba ya wenyewe. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji wa kuamua kama familia yake ihame.

Juzi akaja nyumbani kwangu Nachingwea kwa bodaboda. Hakunilaumu hata kidogo.

"Bosi," akasema, "njoo uwaambie ulichosikia kwenye simu, basi. Mimi kuhama nimezoea. Kuitwa mwongo mbele ya wanangu sijazoea."

Nikamwambia nitakuja. Alipoondoka mke wangu akaacha alichokuwa anafanya.

"Baba Zuhura, siku ile ulimpigia nani?"

"Mheshimiwa."

"Nionyeshe namba yake."

Nikaitia simu mfukoni. Akaingia ndani, na tangu hapo ananiwekea chakula bila neno.

Nikisema kweli, Masanja anasafika, lakini mimi kazi imekwisha na jina langu limekwisha wilaya mbili. Nikisema mkubwa aliahidi kisha akageuka, nambebesha dhambi mtu asiye na habari. Na ofisini nimeshaomba kwenda semina Lindi Jumamosi hiyo hiyo, wakaniruhusu bila hata kuniuliza.

Leo asubuhi Masanja kanipigia. Anauliza nikija nitapenda wanichinjie mbuzi au kuku, maana mkewe anataka kunipokea vizuri. Nikamjibu mbuzi.

Jumamosi ni keshokutwa, ndugu zangu. Nikasimame mbele ya kijiji niseme, au nipande gari la Lindi? Niambieni, na msinihurumie.