Jiliwa la Bei ya Kati

Mume wangu alikuwa mfunga manyoya. Ngoma ikichezwa, iwe Makutupora iwe Chamwino, ukimwona kijana amevaa taji la manyoya ya mbuni, anaruka na kutua na haudondoki hata unyoya mmoja, ujue limetoka mikononi mwake. Kisha Wadachi wakaleta reli. Wanaume wakachukuliwa kwenda kupasua mawe, na baruti ikaondoka na mkono wake wa kushoto, kuanzia kwenye kifundo.

Jeraha lilipona, yeye hakupona. Aliuficha ule mkono chini ya shuka, liwake jua, inyeshe mvua, akakaa akiutazama ukuta. Hakugusa unyoya tena. Nikimpa uji anakunywa, nisipompa haombi. Mimi nami mdomo wangu haujui kupumzika, na ule ukimya ulikuwa unanitia wazimu. Kuna siku nilimgombeza mbuzi ili tu nisikie kitu kikinijibu.

Ndipo akaja Mdachi, yule yule bwana aliyesimamia baruti kule kwenye mawe. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akafungua kiganja. Mle ndani mlikuwa na ndoano ndogo, imefungwa vinyoya na uzi mpaka ikafanana na nzi. Akaeleza kwa Kiswahili chake cha kukwaruza kwamba kwao samaki huvuliwa kwa nzi wa namna hiyo, kwamba wake wote wameliwa na wadudu ndani ya sanduku, amebakiwa na huyu mmoja. Aliwahi kuyaona mataji ya mume wangu ngomani. Anataka amfungie nzi wengine.

"Umeula mkono wake, sasa unataka na nzi?" nikamwambia. Nilimwambia kwa Kigogo asichokijua, sikuwa nimechoka kuishi.

Lakini mume wangu alikuwa ameshanyoosha mkono wa kulia. Alimchukua yule nzi, akamgeuzageuza kwenye mwanga wa mlango. Tangu baruti sikuwa nimeyaona macho yale yakitazama kitu. Nikanyamaza mwenyewe bila kuambiwa.

Mdachi akatuachia ndoano tupu, shida ikawa kuishika moja wakati wa kufunga. Taji unalibana kwa magoti, lakini kidude kile utakibana na nini? Nikajitolea kukishika mimi. Kikanichoma, nikapiga kelele. Nikipumua, vinyoya vinaruka. Mara mtoto wetu niliyembeba akapiga chafya mgongoni kwangu, kazi yote ikapeperuka. Mume wangu akaitupa ndoano chini.

"Mama, acha," akasema. "Mimi nimekwisha."

Akarudi ukutani kwake. Maneno yale yaliniuma kuliko ndoano, na nilijua kwamba nikiyaacha yalale humo ndani, yatakuwa kweli.

Mdachi alipopita tena nilimzuia njiani, nikamwuliza huko kwao ndoano anaishika nani, mke? Alicheka. Akafumba ngumi moja, akazungusha ya pili pembeni yake kama mtu anayekaza parafujo. "Chuma," akasema. "Nenda duka la Mhindi. Uliza jiliwa."

Mhindi alinipangia matatu juu ya meza. La kwanza lilikuwa la mbao, hata parafujo yake ya mbao, na bei yake jogoo. La pili lilikuwa dogo, la chuma cheusi, midomo yake miwili imevikwa shaba laini. Hilo bei yake beberu. La tatu, lo! Liling'aa mpaka nikajiona uso, na meno yake ungedhani ya mamba. Hilo alitaka mtamba mzima.

Nilisimama pale nimeshika kifua. Sikuwa najua kama duniani kuna watu waliowahi kukaa chini wakasema, binadamu ana mikono miwili na haimtoshi, hebu tumtengenezee wa tatu. Na mkono wenyewe huu hapa, unauzwa, umekaa kati ya chumvi na kaniki. Nilitaka kucheka, nikaona machozi yananitoka.

"Chukua hili kubwa, mama," Mhindi akasema. "Mafundi wa reli wote wanachukua kubwa."

"Mafundi wa reli wana mikono miwili. Nipishe nipime."

Kwetu mwanamke hatungi shanga kwa unywele wa mkia wa ng'ombe kabla hajaupima. Anaubana kwa meno, anauvuta, anasikiliza. Nilikuwa nao kadhaa kwenye kifuko changu cha shanga. Nikaubana mmoja kwenye jiliwa la mbao, nikavuta, ukateleza ukatoka wote. Nikaubana mwingine kwenye lile la mamba, nikakaza, tap! Vipande viwili. Nikaja kwa lile jeusi. Nikakaza taratibu mpaka parafujo ikagoma, nikavuta. Unywele ukalia kama uzi wa zeze. Nikavuta tena kwa nguvu zote. Haukuteleza, haukukatika.

Nikapiga kigelegele mle mle dukani, Mhindi akaruka.

"Hili," nikasema. "Beberu nakuletea sasa hivi, na umwangalie, ana pembe na hana adabu."

Nyumbani nilikiweka kigoda mbele ya mume wangu, nikalikaza lile jiliwa kwenye ukingo wake, nikaondoka bila neno. Mimi, bila neno! Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Alilitazama weee. Akaipeleka ndoano katikati ya ile midomo ya shaba, akazungusha parafujo. Akaigusa ndoano kwa kidole. Akaipuliza. Haikutikisika. Basi akaubana uzi kwa meno, akachukua unyoya wa kanga, akaanza. Mkono mmoja, meno na chuma. Na pale palipokuwa na kipande cha waya pakatokea kitu chenye mabawa na shingo. Alipomtoa yule nzi na kumweka juu ya kigoda, nilisogea nyuma nikidhani ataruka.

Akafunga wengine mpaka wakajaa kibuyu kidogo. Mdachi akasema twende Bahi, reli imeshafika huko, tukawajaribu kwenye maji ya bwawa.

Asubuhi ya safari mama mkwe akaja kuagana nasi. Sasa, kwetu kitu kipya hakitoki nyumbani bila kupakwa samli. Iwe taji, iwe ngozi, iwe bibi harusi, kinapakwa ndipo kiende na baraka. Nilikuwa nje namfunga mtoto. Niliporudi, mama mkwe alikuwa amekwisha kuwapaka nzi wote, mmoja mmoja, anawaombea.

"Mama! Umefanya nini?"

"Ulitaka kazi ya mwanangu itoke kavu?" akanijibu.

Tulipakiwa kwenye behewa la mawe. Huko Bahi, Mdachi alifungua kibuyu mbele ya watu wa reli, akanusa, akakunja uso. "Nini hii? Mafuta?" Watu wakaanza kucheka. Mume wangu akainamisha kichwa, akaivuta shuka ikaufunika ule mkono zaidi. Akirudi nyumbani na aibu hii, nikajua, ukuta ule hatautoka tena.

Mdachi hakuwa amekuja na nzi wengine. Akamfunga mmoja kwenye uzi wa fimbo yake ya kuvulia, akamrusha majini.

Nikangoja azame, kwani ndoano ni chuma. Hakuzama. Samli ilimbeba, akakaa juu ya maji manyoya wima, akisogezwa na upepo kama anatembea. Kicheko kikakatika. Kisha maji yakafunguka chini yake, nikakiona kinywa, kikubwa, cheupe ndani, kikamchukua. Samaki mzima, kwa unyoya wa kanga! Fimbo ikapinda, Mdachi akapayuka kwa lugha yao.

Sikumtazama Mdachi. Kando yangu kulikuwa na mtu anapiga kelele, "Nzi wangu! Nzi wangu huyo!" Shuka ilikuwa imeanguka miguuni pake, na mikono yake yote miwili, ule mzima na ule uliokatika, ilikuwa juu mbele ya watu wote.