Mbao Zenye Alama Yake

Tarehe tisa Agosti, siku ya Jumapili, majirani wakiwa kanisani, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa ameketi kwenye gogo mbele ya duka letu, randa ikiwa mapajani, akanyamaza. Nilidhani anasikiliza upepo, kwa sababu mwezi wa Agosti upepo wa bwawa la Kiambere huanza kabla ya adhuhuri, na yeye alikuwa na desturi ya kuusikiliza. Nilimwita chai ikiwa tayari. Hakuitika. Daktari wa Embu alikuwa ametuambia kwamba moyo wake umechoka, kwa hiyo siwezi kusema nilishangaa. Nasema tu nilimpoteza.

Mimi si mwenyeji wa Mbeere. Nilizaliwa Mitunguu, kwenye migomba, ambako maji tuliyoyajua ni ya mfereji na hayapiti goti. Nilisoma mpaka darasa la saba. Nilipoolewa huku kwenye joto na mawe, watu wa kwetu walinihurumia. Mume wangu alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki, kama baba yake. Alikuwa akichukua gogo la mukau, mti wa huku usioliwa na mchwa, akalichimba kwa tezo mpaka likabaki ganda, akaweka vifuniko na kutoboa mlango wa nyuki. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya duka letu, pamoja na asali na viti vya miguu mitatu.

Lakini katika ujana wake aliwahi kuwa mlinzi wa hoteli huko Pwani, na huko aliona wageni wakisimama juu ya ubao na kubebwa na wimbi mpaka ufukweni. Aliporudi nyumbani alikuja na blanketi, redio, na nusu ya ubao uliovunjika, wa povu gumu lililopakwa gundi kama kioo. Ile nusu ilikaa ukutani kwetu miaka mingi. Nilianikia vitambaa juu yake.

Bwawa letu ni refu. Upepo ukilivuka lote, unafika upande wetu ukiwa umesukuma mawimbi ya magoti, na siku nzuri ya mapaja. Mume wangu alikuwa akisimama pale kwenye mawe na kuyatazama kama mtu anayetazama shamba la jirani lisilolimwa. Siku moja alipasua gogo la mukau katikati, akachimba kila upande kama anavyochimba mzinga, akaunganisha kwa vigingi na gundi, akachonga pezi la chini. Ubao huo wa kwanza ulibebwa na watu wawili mpaka majini, na wavuvi waliacha nyavu zao waje kuona.

“Fundi,” akasema mvuvi mmoja mwenye meno yaliyobadilika rangi kwa kutafuna majani ya muguka, “hilo ni jeneza la mtu mwembamba.”

“Basi wewe utatosha,” mume wangu akamjibu. “Panda nikupime.”

Yule mvuvi alipanda. Ubao ulizama naye mpaka kifuani, polepole, na yeye akiwa bado ameketi kwa heshima kama abiria. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mume wangu hakucheka. Aliutoa, akaufungua, akachimba tena mpaka ukuta wa mti ukawa mwembamba kama ukoko wa mkate. Wa pili ulielea. Na mtu wa kwanza kusimama juu yake alikuwa yuleyule mvuvi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Alikuja mwalimu wa chekechea, msichana wa kutoka milimani ambaye hakuwa na ndugu huku. Walikuja vijana ambao wazazi wao ni mafundi wa umeme waliohamishiwa bwawani, kila familia ikitoka kwake. Kila aliyetaka ubao alileta gogo lake, na alikaa dukani kwetu wikendi baada ya wikendi akichimba mwenyewe, mume wangu akimkosoa. “Usipige kama unaua nyoka. Ukwangue.” Muguka hakuuruhusu ndani ya duka. Alisema anayetafuna huona wimbi ambalo halijafika. Juu ya ubao walipaka nta ya mizinga yetu ili miguu isiteleze. Mpaka leo nikisikia harufu ya nta nasikia na kelele zao.

Kwa sababu ya mamba, hakuna aliyeingia majini bila mtu kukaa juu ya lile jiwe kubwa akiwa na filimbi. Kazi ya huyo mtu ilikuwa kutazama maji tu. Haruhusiwi kushona, kumenya wala kugeuka akiitwa. Mara nyingi nilikuwa mimi. Sijui kuogelea na sikuwahi kupanda ubao. Lakini nimewatazama watu wale kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama kitu kingine chochote, na namjua kila mmoja kwa mgongo wake.

Sasa niseme habari ya alama, kwa sababu ndiyo iliyoleta yaliyofuata.

Mzinga hutundikwa mtini porini, mbali na nyumba, na hauna kufuli. Kinacholinda asali ni alama iliyochomwa kwa chuma cha moto. Kila mwenye mizinga ana yake, aliyoipata kwa baba yake. Ya mume wangu ilikuwa duara lenye mistari miwili chini. Mtu wa huku anaweza kupita chini ya mzinga akiwa na njaa ya siku mbili, akaona alama si yake, akaendelea na safari. Na mwenyewe akifa, kila chenye alama yake hurudi nyumbani kwake. Hakuna anayeuliza maswali. Alama ndiyo jibu.

Mbao zilipokuwa nyingi, wenyewe walichoka kuzibeba kila siku, wakataka kuziacha pale kwenye mawe. Wale vijana hawakuwa na alama. Mwalimu wa chekechea baba yake alikuwa dereva wa lori. Angeipata wapi? Basi mume wangu alipasha moto chuma chake mwenyewe, akachoma duara na mistari miwili kwenye kila ubao, karibu na mkia. Hakuwaza zaidi ya hapo. Aliwaza jinsi mtu wa mizinga anavyowaza: kitu chenye alama hakiguswi. Na kweli, mbao zililala kando ya maji misimu na misimu, na hata mchunga mbuzi hakuukalia hata mmoja.

Tulimzika Ijumaa. Baada ya mazishi nilikaa ndani. Kaka yake mkubwa, anayeishi upande wa Siakago na kufuga mbuzi na nyuki, alibaki kuangalia mambo ya boma, kama inavyompasa. Ni mtu wa maneno machache. Asubuhi moja nilisikia mkokoteni wa punda. Nilipotoka nilimkuta akishusha mbao mbele ya duka, mmoja mmoja, kwa uangalifu, akifuta mchanga kwa kofia yake.

“Shemeji,” akaniambia, “mali ya ndugu yangu ilikuwa imetupwa kule majini. Nimekuletea. Zote zina alama yake, nimeangalia.”

Alizipanga ndani ya duka zikiwa zimesimama ukutani. Akafunga mlango, akanipa ufunguo, akaenda kunywesha punda.

Nitasema ukweli. Nilifurahi. Tangu mazishi ilikuwa mara ya kwanza kitu kifurahi ndani yangu. Nilifungua mlango nikaingia nikasimama katikati ya zile mbao. Kila mmoja ulikuwa na kazi ya mkono wake mahali fulani, penye kona ngumu ambapo alikuwa akimpokonya mwenye ubao tezo na kusema, “Hapa niachie.” Niligusa zile alama kwa kidole. Kule kaburini kulikuwa na udongo tu. Hapa ndipo alipokuwa. Niliwaza kwamba nikinyamaza, zitabaki. Hakuna mtu wa huku ambaye angenilaumu, maana desturi ilikuwa upande wangu, na aliyezileta ni shemeji yangu, si mimi.

Jumamosi wenye mbao walikuja. Hawakupiga hodi. Waliketi nje ya uzio, chini kwenye vumbi, mwalimu wa chekechea, yule mvuvi na wengine. Niliwaona kwa dirisha. Nilipika chai nikakawia nayo.

Shemeji yangu ndiye aliyetoka kwanza.

“Mnangoja nani?”

“Tumekuja kumsalimia mama,” akasema mwalimu.

“Msalimieni basi. Mbona mmekaa kama mbuzi wa mnada?”

Mvuvi akajikohoza. “Mzee, kusema kweli, tulienda kwa maji tukapata mbao haziko. Tukafuata nyayo za punda.”

“Mbao za nani?”

Wakatazamana. Mwalimu akasema polepole, “Wangu ni ule wenye doa jeusi pembeni. Nilitoboa vibaya, fundi akaziba. Alinitukana siku nzima.”

“Nimeuona,” shemeji akasema. “Ubao huo una alama gani?”

Mwalimu akachora vumbi kwa kidole.

“Nakuuliza, mwanangu. Alama gani?”

“Ya fundi.”

“Basi.” Hakusema kwa ukali. “Mimi siwezi kutoa mali ya mtu aliyelala. Aliyekaa na yeye ni huyu. Yeye akisema ni zenu, ni zenu. Akisema ni zake, mtaenda nyumbani na hakuna chuki.”

Wote wakanigeukia. Nilikuwa mlangoni na sinia ya chai. Mwalimu hakunitazama usoni. Alitazama vikombe, na nilijua kwamba kama ningesema neno moja wangeinuka, wangenishukuru kwa chai na kuondoka, na hawangerudi tena. Wale watu walijua kwamba kitu chenye alama hakiguswi. Mume wangu ndiye aliyewafundisha.

Nilitaka kusema ni zangu. Neno lilikuwa mdomoni.

Nikasema, “Kila mtu alileta gogo lake. Mimi niliona. Alama ilikuwa ya kufukuza wezi tu.”

“Una uhakika, shemeji?”

“Nina uhakika.”

Akachukua kikombe chake, akanywa mpaka tone la mwisho. “Basi washa moto,” akamwambia mvuvi.

Kwa watu wa huku, mzinga ukipata mwenyewe mpya, alama ya zamani haifutwi. Mpya huchomwa chini yake, ili mti wenyewe useme ulikotoka. Shemeji alikitoa kile chuma cha mume wangu kwenye kisanduku, akakirudisha, akachukua msumari mrefu. Kile, alisema, hakitachoma tena. Kisha akawaambia kila mtu achague alama.

“Yoyote?” mvuvi akauliza.

“Yoyote, ila isiwe ya mtu mwingine. Na usichore samaki, utaonekana mjinga.”

“Nilikuwa nataka samaki.”

“Nilijua.”

Mvuvi akachoma ndoana. Mwalimu alichagua mstari mmoja uliosimama, kama mtoto wa chekechea anavyoanza kuandika moja. Kazi hiyo ilichukua alasiri yote. Moshi wa mukau una harufu ya uchungu, na macho ya kila mtu yalikuwa na machozi. Sikujaribu kujua ya nani yalikuwa ya moshi. Kila aliyemaliza alibeba ubao wake kichwani akaelekea majini, maana upepo ulikuwa umefika. Mwalimu aliniuliza kama nitakuja kukaa kwenye jiwe. Nilimwambia leo hapana. Hakunisukuma.

Ulibaki ubao mmoja, mrefu kuliko yote, wenye alama moja. Huo ulikuwa wake. Kila ubao una tundu la upana wa kidole gumba na kizibo cha mti. Ukiwa nchi kavu unakiondoa ili hewa ya ndani isiupasue kwa joto, na ukienda majini unaziba. Mafundi wengine labda wangelitoboa dogo zaidi. Yeye alilitoboa kama mlango wa mzinga, kwa kuwa mkono wake ulijua upana huo tu. Shemeji aliufunga ubao ule kwa kamba za katani na kuutundika chini ya paa la duka, nje, upande wa kivuli. Kizibo alinipa mimi. Nikakiweka jikoni, kando ya kopo la chumvi.

Nilirudi kwenye jiwe wiki zilizofuata. Filimbi ilikuwa palepale kwenye ufa wake. Duka sikulifungua.

Mvua za Oktoba zilipoanza, shemeji alikuja kunipandia kunde na mtama. Alipomaliza alikwenda kunawa mikono kwenye pipa lililo chini ya paa la duka, akakaa huko sana. Nikamfuata. Alikuwa amesimama na mikono inadondosha maji, akitazama juu. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwenye lile tundu, kundi zima, wengine wakining'inia kwenye ukingo wa ubao kama shanga.

Nikamwambia shemeji kwamba mvuvi ana ngazi, anaweza kuuteremsha kabla hawajajaa.

“Usiguse,” akasema. “Una alama ya mwenyewe.”

Akajifuta mikono kwenye suruali, akaketi juu ya lile gogo la ndugu yake, mbele ya duka, akaomba chai. Nilikwenda jikoni nikaiweka motoni.