Ramani Iliyosahau Vyumba vya Nyuma

Saa mbili asubuhi, chai ikimpoea pembeni, mchambuzi wa takwimu wa manispaa anaipaka rangi upya ramani ya jiji. Wenzake humwita Bi Ramani. Saa nne kamati itaamua kama watu wa bondeni watajengewa sekondari yao ya kwanza, au watoto wao elfu tatu waendelee kutembea kilomita saba.

Fungu la ujenzi ni la miji ambayo takwimu zinaonyesha maskini wametengwa. Ramani ya kwanza ilionyesha kinyume: hata mlimani, kwenye mageti marefu, maskini walikuwa tele.

"Jiji limechanganyika vizuri, mwanangu. Tumshukuru Mungu tulale," mkuu wa kitengo alimwambia jana.

Bi Ramani hakulala. Alifungua madodoso ya sensa ya mlimani, akakuta kaya za mtu mmoja mmoja: mpishi, mlinzi, yaya. Anwani zote ziliishia na neno moja, "nyuma": vyumba vya watumishi, uani kwa matajiri.

"Nilicheka peke yangu kama mwehu," anasema. "Mimi nimezaliwa chumba cha namna hiyo."

Mama yake alipika nyumba ya watu miaka ishirini na miwili. Binti alipofika miaka sita, mwenye nyumba alisema watoto wana kelele. Akapelekwa kwa bibi yake, bondeni. Sensa humhesabu mtu alikolala, kwa hiyo mama alihesabiwa jirani wa matajiri, ingawa mwanawe alilala bondeni.

Bi Ramani anawaondoa watu wa vyumba vya nyuma, anapiga hesabu tena. Awali, ili jiji lichanganyike, maskini thelathini na mmoja katika kila mia wangelazimika kuhama mtaa. Sasa ni sitini na wanne. Mlima unabaki na rangi moja.

"Wewe binti, utaniumbua," mkuu analalamika, huku ameshaikunja ramani kwapani.

"Mzee, bora uumbuke wewe kuliko ramani."

Saa tano na nusu mkuu anashuka kutoka kwenye kamati, ngazi mbili mbili, na umri wake wote ule.

"Wamepitisha. Mwenyekiti ana chumba cha nyuma kwake. Alipoiona ramani, akawa wa kwanza kunyoosha mkono."

Bi Ramani anampigia mama yake simu. Kisha anavuta dodoso la sensa ijayo. Anataka liongezwe swali moja, na ameshaliandika kwa kalamu: "Watoto wako wanalala wapi?"